Madragoni, mameista au bamvua: ushike nadharia ipi ya uchawi ukirudia kusoma A Song of Ice and Fire

Onyo kwanza. Humu kuna spoila za vitabu vyote vitano vya George R. R. Martin na za Game of Thrones nzima, ile tamthilia ya HBO iliyotokana navyo, mpaka ule mwisho wa 2019 uliotuchefua, kwa hiyo kama ndo kwanza uko sizoni ya pili we funga tu urudi siku nyingine.

Haya. Kitabu cha tano kilitoka 2011, cha sita bado tunakisubiri, watu wameoa wamezaa na watoto wameshaanza shule, kitabu hamna. Kilichobaki ni kurudia vilevile vya zamani, na kurudia kunanoga ukiwa na swali kichwani, la sivyo utaishia kuhesabu harusi na maiti. Swali langu ni hili: mwanzoni mwa stori uchawi ni kama umeshakufa kabisa, madragoni yamebaki mafuvu tu chini ya ngome ya mfalme, White Walkers, wale viumbe wa barafu wa kaskazini, ni hadithi za bibi za kuwatishia watoto, afu ndani ya muda mfupi kila kitu kinaamka kwa mpigo, huku barafu, kule moto, pale mtu anafufuliwa. Kwa nini? Na kwa nini sasa hivi, sio miaka hamsini nyuma?

Mafani wana majibu chungu nzima, ila ukichuja yanabaki matatu mazito na la nne la kichaa kidogo ambalo kiukweli nalipenda. Kipimo ninachotumia ni cha kishamba tu: nani alitangulia. Mtu akikwambia hiki kimesababisha kile, nenda kitabuni uone kama hiki kilitokea kabla. Hamna ufundi wowote hapo ila nadharia nyingi zinafia palepale.

Ya kwanza: madragoni ndo chanzo

Hii ndo maarufu kuliko zote, mtu akimaliza kitabu cha pili anakuwa ameshaishika bila hata kufundishwa na mtu, na sio bure, Martin mwenyewe anakuwekea ushahidi mbele ya macho. Kuna mzee anaitwa Hallyne, wa kile chama cha mafundi wa moto wa kijani pale King's Landing, mji mkuu. Anamletea Tyrion Lannister, kaimu waziri mkuu wa mfalme, ripoti kwamba kazi inaenda kasi kuliko walivyozoea, yale maneno yao ya kichawi ambayo miaka yote yalikuwa yanasuasua sasa hivi yanashika vizuri. Afu anauliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama kwa bahati bwana mkubwa anafahamu kuna dragoni yupo hai mahali. Maana alipokuwa kijana mkubwa wake wa kazi alimwambia uchawi ulianza kuondoka duniani siku dragoni wa mwisho alipokufa. Huyo wa mwisho alikufa mwaka 153 kwa kalenda yao, enzi za mfalme Aegon III. Tyrion hana habari yoyote, ila we msomaji unajua kabisa kuna watatu wachanga ng'ambo ya bahari. Hiyo sehemu ni tamu mno.

Ukivuka kwenda Qarth, mji wa mbali mashariki, kitabu hichohicho, Daenerys, binti wa ukoo wa Targaryen uliowahi kutawala na mwenye hao madragoni watatu, anamwangalia mtu wa mazingaombwe anatengeneza ngazi ya moto na kuipanda, na yule mama mwenye barakoa, Quaithe, anamwambia nusu mwaka tu nyuma huyo bwana alikuwa hawezi kitu cha maana, nguvu zake zimekua na sababu ni wewe. Huwezi kupata ushahidi ulionyooka zaidi ya huo.

Sasa weka kipimo. Fungua kitabu cha kwanza, ule utangulizi, hata sura ya kwanza hujafika. Askari watatu wa Night's Watch, walinzi wa ule Ukuta mkubwa wa barafu, wako kaskazini mwa Ukuta huo, na White Walkers hawa hapa, wanatembea, wanaua, na maiti inaamka na macho ya bluu. Wakati huo Daenerys hajaolewa, yale mayai matatu ya dragoni yaliyogeuka mawe hajapewa hata kama zawadi. Dragoni hayupo popote duniani kwa kadiri tunavyojua. Sasa hao wa barafu wamechajiwa na nani?

Endelea. Bran Stark, mtoto aliyeanguka mnarani, anaanza kuota yule kunguru wa macho matatu akiwa kwenye koma, mayai bado mawe. Mirri Maz Duur, mganga mateka, anafanya uchawi wa damu kwenye hema la Drogo, mume wa Daenerys, na unafanya kazi kweli, kwa ubaya lakini unafanya, mayai bado mawe. Beric Dondarrion anachomwa mkuki wa watu wa Gregor Clegane, Thoros, kasisi wa mungu wa moto, anamwinamia kumpa lile busu la kuaga wafu ambalo ameshawapa maiti wengine bila chochote kutokea, na safari hii maiti inavuta pumzi. Huo ni uchawi wa moto kabisa, na mapigano yale yalitokea Ned Stark, baba yake Bran, akiwa bado ana kichwa chake, mayai bado mawe!

Na hapo ndo linakuja swali ambalo hii nadharia hailiwezi: kama uchawi unatoka kwa madragoni, nani aliyatoa madragoni kwenye mayai? Targaryen walijaribu kuangua mayai vizazi na vizazi. Mwaka 259 pale Summerhall, kasri lao, mfalme Aegon V alijaribu, damu ni ileile, moto upo, watu walikufa humo ndani akiwemo mfalme mwenyewe, na hakuna kilichoanguliwa. Miaka arobaini baadae binti wa ukoo huohuo anaingia kwenye moto na mayai matatu anatoka na madragoni matatu. Watakwambia kilichotofautisha ni kafara, kwamba Mirri alichomwa akiwa hai na uhai unalipiwa kwa kifo. Sawa, hoja ina mashiko, ila tukikubali hivyo tumeshakiri kwamba uchawi wa damu ulikuwa unafanya kazi kabla ya madragoni, yaani umeiua nadharia ukiwa unaitetea.

Kuna kitu kingine kidogo, usikipe uzito sana. Xaro, tajiri mmoja wa Qarth, anasema mishumaa ya kioo, ambayo ni ya kichawi, imewaka kwenye nyumba ya mchawi mmoja na haijawahi kuwaka kwa miaka mia. Dragoni wa mwisho alikufa karibu miaka 146 nyuma. Kwa hiyo miaka kama arobaini na kitu iliwaka bila dragoni? Inawezekana mia ni namba ya kusemea tu, watu huwa wanasema hivyo, lakini inafikirisha.

Ya pili: mameista wa Citadel waliua uchawi makusudi

Mameista ni wasomi, matabibu na washauri wa mabwana wanaofundishwa Citadel, chuo kilichopo Oldtown. Hii ni ya wapenda njama, na ina shahidi mmoja mzito sana. Mwishoni mwa kitabu cha nne Sam Tarly wa Night's Watch anafika Oldtown anakutana na Marwyn, msomi wa cheo cha juu ambaye wenzake wanamwona kama mwendawazimu, na Marwyn anamuuliza kwani unadhani nani aliyaua madragoni, mashujaa wenye mapanga? Anamwambia dunia inayojengwa na Citadel haina nafasi ya uchawi wala utabiri wala mishumaa ya kioo, na kwamba mzee Aemon, meista wa Night's Watch, aliachwa azeekee Ukutani kwa sababu ya damu yake ya Targaryen, hawakumwamini. Mshumaa wa kioo uko hapohapo chumbani unawaka wakati anaongea. Ongeza Lady Barbrey Dustin kwenye kitabu cha tano, anavyowasema kwa chuki wale panya wa kijivu wanaokaa kwenye kila ngome, wanaosoma barua za mabwana na kutibu watoto wao na kunong'ona masikioni.

Ukiisoma na jicho hili vitabu vinabadilika kabisa, nakwambia. Kila meista anayesema uchawi ni upuuzi unaanza kumtilia shaka, hata Luwin, meista wa akina Stark, maskini, ambaye ni mtu mwema kuliko karibu wote humo. Kama unataka marudio yenye raha ya upelelezi chukua hii.

Ila kama jibu la swali letu, haitoshi. Madragoni mengi yalikufa kwenye ile vita ya Targaryen wenyewe kwa wenyewe, 129 mpaka 131, yaliuana angani, na mengine yaliuawa na wananchi wenye hasira walioivamia Dragonpit. Unaweza kusema mameista walichochea, sawa, ila uchochezi huo lazima uubuni mwenyewe. Kuna wanaosema hata yule wa mwisho alipewa sumu na Aegon III mwenyewe, ambaye aliyachukia madragoni toka utotoni baada ya mama yake kuliwa na mmoja. Na vile vitabu vya Septon Barth, kasisi msomi wa zamani, kuhusu madragoni, aliyeamuru viharibiwe alikuwa mfalme Baelor, sio Citadel. Yaani kila ukifika eneo la tukio unamkuta mfalme kashika kisu na meista kasimama pembeni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba nadharia hii imekaa mabegani mwa ile ya kwanza. Kuua madragoni kunaua uchawi kama tu uchawi unatoka kwa madragoni. Ya kwanza ikianguka, hii inabaki kesi ya mauaji ya wanyama, nzuri, ina mhalifu ana sababu, lakini haikwambii lolote kuhusu White Walkers, wala kuhusu wachawi wa Qarth, ambako Citadel haina kunguru wala meista.

Ya tatu: bamvua

Mafani wa hii wanasema uchawi wenyewe unajaa na kupwa kama maji ya bahari. Kuna majira ya maji mafu, hata ufanye nini hamna kitu, ndo Summerhall hiyo. Afu kuna bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, na kila kilichokuwa kimekwama mchangani kinaanza kuelea kwa wakati mmoja, kizuri na kibaya. Madragoni hayakuleta maji, yaliinuliwa nayo kama wengine.

Hii ndo inapita kipimo cha nani alitangulia bila kutoa jasho. White Walkers kwanza, mbwa mwitu wakubwa wanaonekana kusini mwa Ukuta baada ya miaka mia mbili, ndoto za Bran, Thoros, Mirri, afu ile nyota nyekundu yenye mkia inatokea, afu ndo mayai yanaanguliwa. Iangalie vizuri hiyo sura ya mwisho ya kitabu cha kwanza, nyota inaonekana kabla Daenerys hajaingia motoni, wala sio baada. Yeye mwenyewe anaichukulia kama ishara ndo anawasha kuni.

Na Hallyne je, na Quaithe? Hapa ndo watu wa bamvua wanapogawanyika. Wengine wanasema Quaithe anakosea tu, ameona vitu viwili vinapanda pamoja akadhani kimoja kinamvuta mwenzake. Mi naona hiyo ni kukwepa, huyo mama huwa hapayuki hovyo. Ninaowakubali ni wale wanaosema uchawi una pande mbili, barafu na moto, jina la vitabu lenyewe si linasema hivyo, na maji yakijaa yanajaa pande zote, ila dragoni akizaliwa upande wa moto unaongezeka nguvu juu ya ile iliyokuwepo. Kwa hiyo mafundi wa Hallyne na yule bwana wa ngazi walipata nyongeza kweli. Hata Melisandre, kasisi wa kike wa mungu huyohuyo wa moto, kwenye kitabu cha tano anajiona ana nguvu zaidi akiwa Ukutani kuliko alivyokuwa Asshai, mji wa wachawi mashariki ya mbali, na Ukutani hakuna dragoni, kuna ukuta wa barafu futi 700 uliojaa maneno ya kichawi ya kale ambayo hakuna aliye hai anayeyaelewa.

Udhaifu wake nao nauona. Bahari inajaa kwa sababu ya mwezi, haya hii inajaa kwa sababu ya nini? Nadharia inakueleza vizuri sana kilichotokea na ukiuliza kwa nini inaangalia pembeni. Kuna watu hilo linawakera mpaka wanarudi kwenye ya kwanza, na siwalaumu.

Ya nne, ya mwezi wa pili

Doreah, mtumishi wa Daenerys, anamsimulia Daenerys stori aliyoipata kwa mfanyabiashara wa Qarth: zamani angani kulikuwa na miezi miwili, mmoja ukasogea karibu mno na jua, ukapasuka kama yai, madragoni elfu kwa maelfu yakamiminika yakanywa moto wa jua. Irri na Jhiqui, watumishi wenzake, wanacheka, mwezi ni mke wa jua bwana, inajulikana. Mafani wakaichukua stori hiyo wakaijengea ghorofa: nyota yenye mkia iliugonga mwezi wa pili, vipande vikaanguka, vumbi likaziba jua ndo ukaja ule Usiku Mrefu, giza la kale lililowaleta White Walkers, na majira yakavurugika mpaka leo, ndo maana kiangazi cha mwanzo wa stori kimedumu zaidi ya miaka kumi. Nyota ikirudi, mambo yanaanza upya.

The World of Ice & Fire ya 2014 ikawapa mafuta zaidi, kuna ngano ya Yi Ti, nchi ya mashariki ya mbali, ya mfalme aliyemuua dada yake akateka kiti na kuabudu jiwe jeusi lililoanguka kutoka angani, na kwa dhambi hiyo giza likaifunika dunia. Inapendeza, tena inaunganisha pembe zote za ramani, na ndo pekee inayojaribu kusema nini kinajaza maji ya ile ya tatu.

Ila mashahidi wake wote ni ngano za wasafiri ndani ya ngano. Kitabu cha 2014 chenyewe kinasimuliwa na Meista Yandel ambaye hajafika hata nusu ya sehemu anazozieleza. Na Martin ameshasema kwenye mahojiano kwamba maelezo ya yale majira ni ya kichawi, sio ya kisayansi, kwa hiyo wale wanaochora mizunguko ya sayari na kupiga hesabu wanapoteza wino. Mwezi uliovunjwa na uchawi bado unaruhusiwa, sawa, ila hapo hesabu zote tupa kule.

Zikikaa meza moja

Chukua mambo matatu magumu uzibane nayo. White Walkers kwenye utangulizi: ya kwanza inafeli, ya pili inafeli nayo, bamvua inapita, mwezi unapita ukikubali kwamba dalili zinaweza kuitangulia nyota kufika. Hallyne na moto wake: ya kwanza inapata maksi zote, ya pili inapata kwa kuegemea, bamvua inapita ukiongeza ile habari ya pande mbili, mwezi haina la kusema kabisa. Summerhall kushindwa na Daenerys kuweza: bamvua peke yake ndo inajibu bila kukunja uso, mwezi unasogea karibu kwa sababu ya nyota.

Mi niko bamvua, mmeshaona. Lakini sio kila msomaji anatafuta kitu kimoja.

Kama umeangalia TV tu na sasa ndo unaanza vitabu, anza na ya kwanza, ndo itakuonyesha furaha ya kitabu cha pili, itavunjika yenyewe mbele ya safari na kuvunjika kwake ni sehemu ya utamu. Ila acha kabisa kubeba yale ya sizoni ya sita, 2016, Watoto wa Msitu, wale viumbe wa kale, wanamchoma mtu kioo cheusi kifuani na kumtengeneza Night King. Kwenye vitabu hakuna aliyethibitisha hilo, na mfalme wa barafu wa namna ile hatujaonyeshwa, kuna tu hadithi ya kale ya kamanda wa kumi na tatu wa Night's Watch aliyependa mwanamke mweupe wa baridi, na huyo ni mtu mwingine. Nusu ya ubishi wa mafani ni watu wawili wanaobishana mmoja katoka kitabuni mwingine katoka HBO.

Kama umeshasoma mara moja na unapenda siasa kuliko uchawi, chukua ya mameista, soma cha nne na cha tano kwa kuangalia nani anaandika barua za nani. Kama we ni mtu wa ramani na ngano, unayesoma mpaka viambatisho vya nyuma, mwezi wa pili utakuweka macho usiku na hautakudhuru, mradi usiutumie kugombana na watu. Na kama unataka nadharia moja ya kutembea nayo kurasa zote bila kulazimika kufumba macho kila baada ya sura tano, shika bamvua na ukubali kwamba haina jibu la mwisho.

Kitakachonihamisha mimi kipo. Marwyn aliondoka Oldtown kwenda kumtafuta Daenerys, kwa hiyo kitabu cha sita kikitoka huenda tukamwona msomi pekee anayejua mishumaa ya kioo akiwa karibu na madragoni matatu hai, na vita iko mlangoni Meereen, mji aliouteka Daenerys. Dragoni mmoja akifa humo, nenda moja kwa moja kwenye sura za Ukutani na za Oldtown zinazofuata uangalie. Moto wa Melisandre na ule mshumaa vikififia, watu wa nadharia ya kwanza walikuwa sahihi na nitawalipa chai wote ninaowafahamu. White Walkers nao wakilegea siku hiyohiyo, basi nitalipa na chapati.